Unyayo kwenye Sakafu ya Mektilda

Harufu ya saruji mbichi hainipiti hivi hivi. Nikiisikia, hata iwe kwa jirani nisiyemjua jina, unyayo wangu wa kulia hupoa kama umekanyaga maji. Miezi michache iliyopita niliisikia kwa Mektilda, mtoto wa baba yangu mdogo, pale kwao kando ya mto Lumemo, na siku hiyo nilikwenda nikiwa nimeshaudhika tangu nyumbani.

Binti yake, Gaudensia, ndiye aliyenipigia simu asubuhi. "Shikamoo, mama mkubwa. Tunabadilisha sakafu ya bafu la mama. Njoo utusaidie kuchagua marumaru, mwenyewe anasema bila wewe hachagui." Nikamwambia marahaba, mwanangu, nakuja. Halafu nikakaa kwanza kitandani. Bafu langu mimi lina sakafu ya saruji yenye ufa katikati, na ndoo, na kigoda cha kukalia. Mektilda anabadilishiwa. Tangu tukiwa watoto Mektilda ndiye anayebadilishiwa, na mimi ndiye ninayeitwa kuja kutazama.

Nyie wa rika langu mtanielewa. Tulioga nje, ndani ya wigo wa matete, tukitazama mawingu huku povu limetuingia machoni. Bafu letu lilikuwa nyuma ya nyumba, na maji yake yalikwenda kwenye migomba, ndiyo maana ndizi zetu zilikuwa nene kuliko za watu. Chini palikuwa na mawe. Si mawe ya kuokota tu, mawe ya Bibi Oresta.

Mama yangu, Adelina, alifariki nikiwa bado nanyonya. Baba yangu, Severini, alikuwa mvuvi, anakaa kambini mtoni wiki tatu, nne, anarudi ananuka moshi wa samaki, analala siku mbili, anaondoka. Kwa hiyo mimi nilikuwa wa Bibi Oresta, na Bibi Oresta alikuwa wangu. Niliamini hivyo. Tulilala kitanda kimoja, tulikula sahani moja, na kila maji ya mto yalipopungua tulikwenda wote Lumemo kuchagua mawe ya bafu, maana kila masika yale ya zamani yalizama kwenye tope.

Kuchagua kwake kulikuwa hivi. Tunaingia mtoni hadi magotini, miguu mitupu. Ananiambia nifumbe macho. "Kanyaga. Hilo?" Nasema zuri, Bibi, jeupe. "Sijakuuliza rangi, na wewe umelionaje na macho umefumba? Mwongo wewe. Nimekuuliza linakushika au linakutupa?" Nalikanyaga tena na kisigino, na vidole, nasikiliza. Lenye utelezi tuliliacha. Lenye ncha tuliliacha. Tuliweka kwenye kikapu yale yaliyokuwa na ukwaruzo kidogo kama ulimi wa ng'ombe. Nikirudi nayo kichwani shingo inauma, lakini nilijiona mtu mkubwa, kwa sababu bibi yangu alikuwa anaoga juu ya mawe yaliyochaguliwa na unyayo wangu.

Na unyayo huo niuseme. Mguu wangu wa kulia una vidole sita. Kile cha sita ni kidogo, kimetoka pembeni kama punje ya mahindi. Nilipozaliwa wanawake walitaka kukifunga uzi kikauke kidondoke, ndivyo ilivyofanywa kwa watoto wengi. Bibi Oresta akakataa. Akasema mtoto amekuja nacho, aondoke nacho. Kwa hiyo nikabaki nacho, na Mektilda akanipa jina. Aliniita Saa Sita. "Saa Sita, njoo tucheze!" "Saa Sita, umeitwa!" Watoto wote wa pale wakalishika.

Mektilda tulipishana mwaka, mimi mkubwa, ila yeye alinizidi mwili. Nyumba yao na yetu zilikuwa kiwanja kimoja, katikati kuna mpera na kinu cha kutwangia mpunga. Yeye alikuwa na mama, Mama mdogo Bernadeta, mwanamke mpole mwenye sauti ya chini. Alikuwa na baba anayerudi. Baba mdogo Kasiani alifanya kazi kwenye mashamba ya miwa kule Kidatu, na kila aliporudi alishuka kwenye lori na kitu kipya. Viatu vya Mektilda. Gauni la Mektilda lenye mkanda wa kufunga nyuma. Mimi nilivaa magauni yake yakishambana, na ule mkanda ulifika kwangu ukiwa umeshakatika. Hayo niliyavumilia. Nilijiambia, ana viatu lakini hana Bibi.

Siku moja Baba mdogo Kasiani akashuka kwenye lori na mifuko ya saruji.

Tukasikia anajenga bafu la sakafu. Hapo kwetu hapakuwa na bafu la sakafu, labda kwa mapadri. Akaja fundi anaitwa Almasi, mtu wa Kilosa, mwembamba, kofia haitoki kichwani. Akachimba ndani ya wigo wao wa matete, akapanga mawe, akashindilia. Mektilda akawa mlinzi. Amesimama na fimbo ya mpera, amevaa viatu. "Usikanyage hapo, Saa Sita. Kwetu si kwa mawe. Na Bibi atahamia kwetu sakafu ikikauka."

"Mwongo."

"Kamuulize."

Nikamkuta Bibi anapepeta mchele. Nikamuuliza. Hakusimamisha ungo. "Nitakwenda kukaa kwa Kasiani kidogo, ndiyo."

"Kidogo mpaka lini?"

"Sakafu ikishakauka nakwenda. Kurudi tutaona. Wewe utabaki na shangazi yako Yustina, atakuja kukupikia."

"Kwa nini?"

"Mama yako mdogo anaumwa miguu."

Mama mdogo Bernadeta alikuwa amenenepa na anatembea polepole, hilo nililiona. Lakini watoto wa wakati ule hatukuambiwa mambo ya mimba, na mimi sikuwa na mama wa kuninong'oneza. Nikajumlisha kwa akili yangu. Miguu inamuuma mtu, halafu Bibi anahama? Hapana. Bibi amependa sakafu. Amechoka na mawe yangu. Siku zote ananifumbisha macho mtoni, kumbe anangoja mtu amletee kitu laini.

Nikaanza kuomba mvua. Niliomba Lumemo ifurike ije mpaka uani ichukue lile bafu, na ikibidi imchukue na Mektilda, lakini viatu viachwe. Mvua haikunyesha. Jua likawaka kana kwamba nalo limelipwa na Baba mdogo.

Siku ya mwisho Fundi Almasi akapiga nili. Mnaijua kazi ile. Akanyunyiza unga wa saruji juu ya sakafu ingali mbichi, akapiga magoti juu ya ubao, akapitisha mwiko, akapitisha tena, mpaka pakawa panang'aa kama mgongo wa kambale aliyetoka majini sasa hivi. Nilichungulia kwenye matete. Lazima niseme kweli, palikuwa pazuri. Uzuri ule uliniuma tumboni kama njaa. Nilijua kabisa kwamba mtu akiona kile, hawezi kurudi kwenye mawe.

Mchana wakaenda kula. Mektilda aliitwa mara tatu, akaacha fimbo yake mlangoni. Mimi nikaingia. Nia yangu ilikuwa kucheza ngoma pale juu, nipavuruge pote, pasikauke milele. Nikaweka mguu wa kulia. Ubaridi ukanipanda hadi gotini. Saruji ikanishika, laini, ikapanda kati ya vidole, na nilipouvuta mguu ikatoa sauti kama mtu anayebusu. Nikaogopa. Nikasikia kikohozi cha Bibi uani. Nikakimbilia kwenye migomba, nikalala kifudifudi.

Kutoka pale nilimwona. Bibi Oresta alisimama mlangoni mwa wigo akatazama chini. Alitazama muda mrefu. Akageuka kuangalia kama kuna mtu. Kisha akaivuta juu kaniki yake kwa mkono mmoja, akainua mguu wake wa kulia, mguu mkubwa wenye magaga, akaukanyagisha palepale nilipokanyaga mimi. Akausokota kidogo upande wa nje, kama mtu anayezima kijinga cha moto. Akautoa, akasimama kwa mguu mmoja ameshika matete, akijifuta na jani la mgomba.

Sikungoja zaidi. Nikapenya nyuma ya migomba nikakimbia mpaka mtoni, nikajisugua mpaka ngozi ikawaka.

Mnajua nilielewa nini? Nilielewa kwamba amenifuta. Kwamba kwenye sakafu yake mpya hakutaka kubaki hata kidole changu.

Jioni Mektilda akaja anarukaruka. "Bibi ametia unyayo wake kwetu! Fundi alitaka kuusawazisha, Baba akakataa. Amesema mguu wa mama yangu haufutwi, uachwe hivyo hivyo. Kwenu upo?" Kwetu haukuwepo. Mawe hayashiki unyayo.

Baada ya chakula Bibi akaniambia nilete miguu. Saruji inakausha ngozi, wanaojenga wanajua. Wa kulia ulikuwa umepasuka na una unga wa kijivu kwenye kucha. Akachukua mafuta ya ufuta akanipaka kidole kimoja kimoja, mpaka kile cha sita, na kile akakaa nacho sana. Hakuniuliza chochote. Mimi nilidhani ananiaga. Nikauvuta mguu nikageukia ukuta.

Akahama na kifurushi chake, na jiwe lake la kusugulia magaga. Hilo jiwe liliniuma kuliko kitanda kilichobaki kitupu. Shangazi Yustina akaja, mkali, na mboga zake chumvi tupu. Baada ya siku chache kikasikika kilio cha mtoto mchanga nyumba ya pili, na kila asubuhi ukatoka mvuke kwenye lile bafu jipya. Bibi alikuwa anamkanda Mama mdogo Bernadeta kwa maji ya moto, kama mzazi anavyokandwa, na kumwogesha mtoto. Mtoto wa kike. Wakampa jina Oresta. Hata jina! Nilikuwa nimelitunza kichwani jina lile, nije nimpe mtoto wangu.

Mektilda alinialika kuoga kwao. Sijui alikuwa na roho nzuri au anataka kunionyesha. "Njoo, Saa Sita, panateleza kama barafu!" Barafu hakuwahi kuiona, wala mimi. Nikakataa. Nikaenda kwenye bafu letu nikang'oa mawe yetu moja moja, nikayatupa kwenye migomba. Nilitaka Bibi akirudi akute tope, kama tope ndilo alilolichagua.

Akarudi siku arobaini zilipotimia. Akaenda kuoga, akatoka na miguu ya tope hadi kwenye kifundo. Nikajificha nyuma ya kinu.

"Mawe siku hizi yanatembea?" akaniuliza.

"Ndiyo, Bibi."

"Yana vidole vingapi?"

Nilidhani na yeye sasa amejifunza kunicheka kule kwa Mektilda. Akachukua kikapu. "Twende Lumemo. Fumba macho tangu hapa, mimi nitakushika mkono." Nikaenda, lakini sikufumba macho. Na tangu siku ile sikumpa roho yangu yote kama zamani. Nilibakiza kipande. Alifariki miaka michache baadaye, kabla sijaolewa, na kile kipande nikabaki nacho mkononi sina wa kumpa.

Mtaniuliza, ukubwani hukulifikiria tena? Wivu wa utotoni haufikiriwi, unabebwa tu. Tena Mektilda hakuniacha niusahau. Nyumba ile ilibaki kwake, lile bafu likapata ukuta wa tofali na bati juu, sakafu ikabaki ileile. Kila mgeni alionyeshwa. "Huu ni unyayo wa bibi yetu." Alisema yetu kwa mdomo tu. Siku ya kuolewa kwake alisimamishwa juu ya unyayo ule akaogeshwa. Mimi nilisimama nyuma nikiwa nimeshika kopo.

Basi, ndiyo hasira niliyokwenda nayo siku hiyo.

Nilimkuta Mektilda kwenye kiti cha plastiki uani, fimbo ya kutembelea mapajani, miguu imemvimba siku hizi. Mbele yake vigae viwili vimeegemezwa ukutani. Kimoja cheupe, kinang'aa, kina maua ya bluu kwenye pembe. Kingine cha kijivu, hakina sura. Fundi Shabani, mtu wa makamo, alikuwa ndani anasugua sakafu ya zamani kwa brashi ya waya, marumaru zishike, na saruji mbichi iko tayari kwenye karai mlangoni.

"Mimi naona hizi za maua," Mektilda akasema. "Zinapendeza macho. Au unasemaje, dada?"

"Mama, fundi amesema zile za kijivu, zenye ukwaruzo, ndizo nzuri kwa wazee," Gaudensia akaingilia.

"Nyamaza, namuuliza mama yako mkubwa."

Nikainama nikapitisha kidole kwenye ile nyeupe. Bibi Oresta alinifundisha mwenyewe. Nilijua kabla sijaigusa kwamba ile inatupa. Nikamtazama Mektilda na fimbo yake. Nikasema, "Chukua za maua. Zitakupendeza wewe."

Nimeandika nilivyosema, sijapunguza.

Fundi Shabani akatoa kichwa mlangoni. "Samahanini, bibi zangu. Kabla sijamwaga saruji, njooni mnieleze. Hapa kwenye huu unyayo kuna kishimo pembeni, kilikuwa kimejaa sabuni iliyoganda, nimekichokonoa. Ni cha kitu gani? Maana mguu wa mtu hauko hivi."

Tukaingia, Mektilda ameshika bega langu. Unyayo wa Bibi ulikuwa umesuguliwa mpaka umekuwa mweupe. Mara zote nilizouona ulikuwa na uchafu wake, na sikuutazama sana, nani anatazama sana kinachomuuma? Sasa ulionekana wote. Ulikanyagwa umeelekea nje, umesokotwa, kama mtu aliyetaka kufunika kitu pembeni. Na pembeni hapo, nje ya kidole chake kidogo, palibaki kishimo kimoja ambacho mguu wake haukukifikia vizuri. Kidogo. Kama punje ya mahindi.

Nikavua kandambili. Sikukusudia, mguu ulikwenda wenyewe. Kisigino kikakaa kwenye kisigino. Mguu wangu sasa ni mkubwa kama wake, una magaga kama yake. Kidole cha sita kikaingia kwenye kishimo chake.

Mektilda akapiga kelele, "Saa Sita! Kumbe ni wewe!"

"Ni mimi."

"Baba siku ile alishika fimbo yangu ya mpera. Alisema aliyeharibu sakafu hii leo atanitambua, awe wangu awe wa Severini. Bibi akamwambia, ni mimi Kasiani, nilikuwa napita, macho yangu hayaoni."

"Macho yake?" nikasema. "Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano jioni."

"Ndiyo nakwambia!"

Tukacheka hadi Fundi Shabani akacheka bila kujua. Halafu kicheko changu kikageuka, nikashika ukuta. Alikuwa ananificha. Alikanyaga pale ili mtu yeyote asihesabu vidole. Na usiku wa mafuta alikuwa anavihesabu yeye.

Nilipoinua uso, Mektilda alikuwa anatazama mguu wangu uliokaa ndani ya sakafu yake. Akasema taratibu, "Miaka yote hii nawaonyesha wageni. Nikidhani alituachia sisi."

Nikamtazama. Kile kilichokuwa usoni pake nilikijua sana, nimekaa nacho maisha yangu yote. Kwa mara ya kwanza nilikiona kwa mtu mwingine, na kwa Mektilda. Sitasema sikufurahi. Nilifurahi kwa muda wa kuvuta pumzi mbili. Halafu nikaona miguu yake iliyovimba.

"Mektilda," nikamwambia, "hizo za maua zinatupa. Nilijua tangu nilipozigusa. Chukua za kijivu."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Akanitazama sana. "Wewe mwanamke una roho mbaya."

"Ninayo. Mwagia maji, vua kiatu, ukanyage zote mbili. Na ufumbe macho."

Alikanyaga huku Gaudensia amemshika kwapa. Akachagua za kijivu. Kisha akamgeukia fundi akamwambia pale penye unyayo asiweke kitu, azungushie tu. Fundi Shabani akakuna kichwa. "Bibi, maji yatatuama hapo."

"Yatuame."

Sasa kila Jumamosi natoka kwangu na kanga na sabuni naenda kuoga kwa Mektilda. Marumaru zake zinashika vizuri, na bado nazionea wivu, langu lina ufa uleule. Lakini nikisimama pale katikati, maji yametuama kidogo, yana joto, sitaki kutoka. Mektilda hukaa nje kwenye kiti chake anagonga mlango na fimbo.

"Toka basi, Saa Sita! Na mimi nataka kusimama."